Muringa Uliokuwa Mkwe wa Fundi wa Viatu

Nyinyi mlioandikwa juzi kupanda miti mjini Embu, nasikia mmepewa jembe, gambuti na aproni ya kijani, na mkubwa wenu amewaambia kazi yenu ni miti. Poleni. Amewadanganya, ingawa kwa nia njema. Mti hauna shida. Unautoa kitaluni, unautia shimoni, unatulia. Kazi yenu ni watu, na watu hawatulii.

Mimi ni mstaafu wa kazi hiyo. Msicheke. Najua mstaafu huwa na mvi, na wenzake humchinjia mbuzi wakimuaga. Mimi mbuzi sikumwona, na mvi zangu zikijitokeza nazing'oa. Lakini kazi yangu ya Meru imekwisha, nimerudi kwetu Kianjokoma, siku hizi naamka bila kuitwa na mtu, na kila asubuhi mama ananiuliza kama nitakaa hivyo mpaka lini. Kama huko si kustaafu, basi sijui kustaafu ni nini.

Jina langu ni Wawira. Nilimaliza kidato cha nne nikitaka kuwa rubani. Nilipata kibarua cha kujaza udongo kwenye viriba, vile vimifuko vyeusi vya kuoteshea miche, katika kitalu cha manispaa ya Meru. Niliona ni karibu tu, kwa sababu ndege pia wanapenda miti. Nilikuwa na ndoto moja, na bado ninayo, kwamba siku moja mtu atatembea kutoka stendi mpaka hospitali bila kupigwa na jua, kivuli kimoja kikimkabidhi kwa kingine. Nilipoieleza ndoto hii siku ya kwanza, wenzangu waliniuliza kama nimekunywa chai.

Mkubwa wetu kitaluni alikuwa Mzee M'Rimberia, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua. Alikuwa na imani zake. Aliamini miche inasikia, na kwamba inasikia Kimeru peke yake, kwa hiyo mimi nikiisemesha Kiembu itakua ikiegemea upande wa Embu. Nilinyamaza karibu msimu mzima kwa ajili ya hiyo miche. Ilikua ikiegemea hivyo hivyo, maana jua lilikuwa linaingia upande mmoja wa kitalu. Mzee alisema ni mimi, nimekuwa nikiota ndoto kwa Kiembu.

Lakini alikuwa na neno moja ambalo hakulikosea. Alikuwa akilisema kila tukipakia miche kwenye mkokoteni: "Mti usio na mwenyewe ni kuni zinazongoja." Liwekeni hilo mahali. Mimi nililichukulia kama maneno ya wazee, nikaja kulipata mbele likiwa limenivizia.

Wacha niwaambie jinsi miti hupandwa mjini, ili msishangae. Kwanza huja hema. Halafu viti, halafu kipaza sauti, halafu wageni. Mheshimiwa fulani alikuja akapanda muringa wa kwanza wa ile safu ya kando ya soko, barabara ya chini kuelekea Gakoromone. Akauchukua mche, akautia shimoni pamoja na kiriba chake, akafukia, akamwagilia, akapigwa picha. Sote tulimwona. Mkubwa wa ofisi alimwona. Hakuna aliyethubutu kusema, "Mheshimiwa, umesahau kuuvua." Wageni walipoondoka, Mzee M'Rimberia alipiga magoti akaufukua, akauvua kile kiriba, akaurudisha taratibu kama mtu anayembadilisha mtoto nepi. Hiyo ndiyo picha iliyofaa kupigwa, lakini mpiga picha alikuwa ashaenda kula.

Basi tukapanda safu nzima, muringa kwa muringa, kwa sababu ni mti wa kwetu, unakua haraka, unatandaza kivuli kipana, na ukichanua maua yake meupe hata mtu mwenye deni husimama akatazama. Tukafurahi. Wafanyabiashara wa pale hawakufurahi.

Mama Mwendwa, muuza nyanya, alikuwa mkali kuliko wote. Alisema ndege watakaa juu wazichafue nyanya zake. Mwenye duka la simu akasema majani yatafunika bango lake. Mwingine akasema majani yataziba mtaro. Mwingine akasema wezi watajificha nyuma ya mti, na mti wenyewe wakati huo ulikuwa mwembamba kama kijiti cha mshikaki. Mimi nikawapa somo la hewa safi. Niliongea sana. Nilipomaliza, Mama Mwendwa aliinua beseni lake la maji ya sabuni, moto bado, akayamwaga kwenye shina la mti wake huku ananitazama usoni.

"Hewa ndiyo hiyo, mwari," akaniambia. "Mwari wa Embu, rudi kwenu upande huko."

Nilienda nyuma ya kitalu nikalia kidogo. Nawaambia hivyo ili mkilia msidhani mmeharibu. Kulia ni sehemu ya kazi, ila kulieni mbali na miche michanga, machozi yana chumvi. Hilo nalo lilitoka kwa Mzee M'Rimberia.

Yeye mwenyewe hakunionea huruma. Alisema nimewapa watu hewa, na hewa ni ya kila mtu, na kitu cha kila mtu hakinyweshwi maji na mtu. Nikafikiria neno lake usiku na mchana, misimu ikapita, miringa ikaanza kutoa kivuli, mpaka nikakumbuka jambo ambalo nyinyi mnalijua tangu tumboni. Kwetu Embu na kwao Meru, mtoto hapewi jina tu la kupendeza. Hupewa jina la mtu. Dada yangu alimwita mwanawe jina la baba yetu, na mpaka leo mama yangu hawezi kumchapa yule mtoto, maana atamchapaje mume wake? Humwambia, "Baba Wawira, tafadhali teremka juu ya meza." Mtoto ana miaka minne.

Nikasema, basi hii miti nayo ipate majina.

Nikarudi sokoni kwa unyenyekevu, sikutaja hewa. Nikamwomba kila mmoja ampe mti wa mbele yake jina la mtu anayemheshimu. Hatukuandika popote. Jina lilisemwa mbele ya majirani, mwenye jina akamwagia mti maji safi, basi. Mama Mwendwa alinicheka. Halafu akasema baba yake aliitwa M'Mugambi, na alikuwa mrefu, na alikuwa mtu wa kukaa kimya kama huo mti. Kesho yake nilimkuta ameshika beseni la maji ya sabuni akizunguka nalo kama amepotea njia.

"Sasa nitayamwaga wapi?" aliniuliza kwa hasira. "Nimwagie Baba sabuni?"

Aliyabeba mpaka mtaroni. Kuanzia siku hiyo alikuwa akisalimia mti akifika na kuuaga akiondoka, na ndege wakimchafulia nyanya alisema Baba alikuwa na marafiki wengi siku zote.

Msidhani yote yalienda hivyo. Munene, kijana muuza miraa, alitoa jina la msichana wake. Ule mti ulinyweshwa maji kuliko mtoto wa kwanza. Halafu wakaachana, na msichana mpya akaja kumtembelea Munene kazini, akauliza kwa sauti tamu huyo Kagendo ni nani, na akaondoka na tawi zima mkononi. Kwa hiyo kanuni: majina ya wapenzi hapana. Na mhubiri wa pale pembeni aliuita mti wake Yerusalemu. Ulikauka. Kila mtu alidhani mwenzake anauombea.

Sasa nifike kwa fundi wa viatu, ambaye ndiye sababu ya kuwaandikia.

Huyu aliitwa Baba Mutuma. Benchi lake lilikuwa katikati ya safu, chini ya muringa uliokuwa umeshinda wenzake kwa majani. Pale ndipo wanaume wote wa soko walikuwa wakikaa. Ungepeleka kiatu kishonwe, ungekipata kimeshonwa pamoja na habari za siasa, mpira, na mambo mengine ambayo wakiona mwanamke anakuja walikuwa wanayakata katikati na kuanza kukohoa. Neno la Baba Mutuma sokoni lilikuwa neno. Akisema bei ya pasi ya makaa imepanda, ilipanda.

Siku ya kutoa majina hakuwepo, alikuwa amepeleka mguu wake hospitali. Mkewe, Karimi, aliyekuwa akiuza mitumba upande wa pili wa soko, ndiye alikuwa amemkalia benchi. Nikamuuliza jina. Karimi hakufikiri hata kidogo. Akaupa mti jina la mama yake mzazi, Nkirote, wa Kibirichia, mama wa viazi na mkuu wa akina mama kanisani. Tukapiga makofi. Mimi ndiye nilianza.

Nyinyi mmeshaona. Mimi sikuona. Mimi nilikuwa nafikiria jinsi Nkirote ni jina zuri.

Baba Mutuma alirudi kesho yake na mguu wake, akaketi, akatoa sindano, na Munene akamwambia kwa adabu nyingi kwamba amemkalia mkwewe miguuni. Alicheka. Halafu alipoelezwa akaacha kucheka. Mnajua ile haya ya wakwe, ile tunaita nthoni. Mwanamume hali chakula akitazamwa na mama wa mke wake, hakai amevaa fulana mbele yake, hata jina lake halimtoki mdomoni. Na sasa huyo mama alikuwa amesimama juu ya benchi lake mchana kutwa, mikono ameinyoosha, anasikiliza.

Alijaribu, sitamsingizia. Kwa siku kadhaa alishona amefunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni. Wanaume walikuja wakakaa, wakaanza yale mambo yao, mmoja akasema, "Wee, mama yuko," na wote wakatazama juu. Wakabaki kuzungumzia mvua. Biashara ikapoa. Chakula cha mchana alikuwa anakula ameupa mti mgongo, halafu anakula ameenda nyuma ya choo. Mwishowe asubuhi moja tulimkuta amebeba benchi lake ng'ambo ya barabara, kwenye jua kamili, na wanaume wote wamemfuata wakiwa wamejifunika magazeti vichwani. Chini ya mti mzuri kuliko yote mjini hapakuwa na mtu.

Nilivuka nikamwomba msamaha. Nikamwambia tutabadilisha jina.

"Jina ni koti?" akaniuliza, na hakuinua macho kwenye kiatu. "Nimwambie bibi yangu mama yake amevuliwa jina, amepewa mwingine?"

Nikarudi kwa Mzee M'Rimberia. Alicheka mpaka kofia ikamfunika macho, na huo ndio ulikuwa msaada wake wote. Maji ya Nkirote nikaanza kuyabeba mimi mwenyewe. Nilizika mtungi wenye matundu karibu na shina, ule wa mafuta ya kupikia, unaujaza mara moja unadondoka polepole mpaka mizizi ishibe. Jifunzeni hiyo, itawaokoa migongo.

Ndipo ikaja habari ya maegesho. Magari yalikuwa yamejaa mjini, na ofisi ilitaka mahali pa kuyaweka. Wakaja watu na rangi nyekundu wakaweka alama kwenye kila muringa wa ile safu, kuanzia kwa M'Mugambi mpaka mwisho. Tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, hakuna kitakachofanyika kabla ya mkutano wa kusikiliza wananchi. Safu yote ingeishi au ingekufa kwa huo mkutano.

Nilizunguka soko zima. Wengi walikuwa na huzuni, lakini kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aseme kwanza, na wote walikuwa wanatazama ng'ambo ya barabara. Baba Mutuma ndiye angesema. Nami nilijua, kama kuna mtu mmoja duniani mwenye sababu ya kutaka ule mti uondoke bila yeye kuuondoa, ni huyo. Akikatwa Nkirote, angerudi upande wake, apate kivuli cha ukuta wa soko na heshima yake. Nikamwendea, nikamsihi. Akasema hawezi kusimama mbele ya watu kumzungumzia mama wa mke wake, hata kwa wema. Haya ni haya. Akanirudishia kiatu changu ambacho hata sikuwa nimempa kushona, kilikuwa mguuni, alinionyesha tu kwa kidole niondoke nacho.

Siku ya mkutano, pale pale kando ya safu, walikuja injinia wa manispaa, mkubwa wa ofisi na maji ya chupa. Alikuja pia kijana wa kandarasi na msumeno wa petroli, umejazwa tayari. Nilimuuliza mbona na msumeno kwenye mkutano wa kusikiliza. Akaniambia ni ili wasirudi mara mbili.

Injinia alisalimia vizuri, akaeleza vizuri, ni mtu mzuri. Akasema kwa kuwa wakati ni mfupi waanze na ule mti mkubwa wa katikati, unaozuia zaidi. Je, kuna mwenye neno juu ya mti huo?

Mama Mwendwa akatazama viatu. Munene akaacha kutafuna. Kijana wa msumeno akajifunga glavu. Nikainua mkono, na injinia akasema kwa upole kwamba wafanyakazi wa ofisi wasubiri, hapa wanasikilizwa wananchi.

Halafu wanaume waliosimama ng'ambo ya barabara wakaachia njia. Baba Mutuma alivuka akichechemea, shati limefungwa mpaka kooni, kofia mkononi. Hakukaribia. Alisimama akaupa mti mgongo, akamwelekea injinia.

"Mimi sina neno juu ya huo mti," alisema. "Siwezi kuwa nalo. Ni mama wa bibi yangu. Nauliza jambo moja tu. Huyo atakayeshika msumeno anaitwa nani?"

Injinia akauliza kwa nini.

"Kwa sababu jioni bibi yangu ataniuliza. Na Jumapili mama mwenyewe atashuka kutoka Kibirichia, ataniuliza. Lazima niwe na jina. Siwezi kuwaambia alikatwa, na mimi nilikuwa nimekaa hapo tu nashona kiatu."

Watu hawakucheka. Kijana wa msumeno alikuwa mtu wa Meru pia, mtoto wa watu. Alimgeukia mtu wa karibu akauliza pole pole, "Huyu mama yuko hai?" Akaambiwa yuko hai kabisa, na ana nguvu. Nikamwona anavua glavu, moja, halafu nyingine. Akaweka msumeno chini, akasema betri yake ya simu imeisha, anaenda kutafuta mahali pa kuchaji.

Hapo ndipo mdomo wa soko ulipofunguka. Mama Mwendwa akasema kama mkwe wa Fundi hakatwi, basi na baba yake hakatwi. Mwenye duka la simu akamtaja shangazi yake. Munene akasema hata yule Kagendo, ingawa wameachana, hamtakii mabaya. Injinia alikuwa akitazama safu yake ya miti ikigeuka kuwa ukoo. Mimi nililia tena, mbele ya watu, bila kujali chumvi.

"Sawa," injinia akasema mwishowe, amekunja karatasi yake. "Nimesikia. Miti inabaki. Lakini magari ni lazima yaende mahali. Yaende wapi?"

Ni Mama Mwendwa aliyejibu. Alijibu kwa furaha, kama mtu anayesaidia wageni.

"Si hapo nyuma, kwa kitalu? Hapo hakuna mti wa mtu. Ni miche tu."

Wakapiga makofi. Nikatazama upande wa Mzee M'Rimberia. Alivua kofia yake ya sufu, akaikunja, akaitia mfukoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kichwa chake. Tungesema nini? Ndivyo tulivyowafundisha: mti usio na mwenyewe ni kuni zinazongoja. Mwaka ule wote tulikuwa tumegawa majina ya watu, na kitalu chetu tuliendelea kukiita kitalu.

Kitalu kikawa maegesho, na ndiyo sababu nimestaafu. Mama Mwendwa alinisindikiza mpaka stendi na nyanya tele, akilia kweli kweli, akiniuliza ni nani mwenye roho mbaya aliyenifuta kazi. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Mwezi uliopita nilipita Meru. Miringa inachanua. Baba Mutuma bado yuko ng'ambo kwenye jua, ila sasa ana mwavuli. Chini ya muringa wake alikuwa ameketi mwanamke mzee, mnene, na gunia la viazi. Nilijua ni nani kabla ya kuambiwa. Alikuwa amejiegemeza kwenye jina lake, amevua viatu, anaonekana kama mtu aliye kwake. Fundi alimtuma Munene avuke na kikombe cha chai, kisha akageukia pembeni ili mama anywe bila kutazamwa. Viatu vyake pia vilivushwa, na vilirudi vimeshonwa.

Nyuma kwenye maegesho, madereva wanalia jua. Mmoja alichukua nambari yangu, anataka miche, nami ninayo michache hapa mbele ya nyumba ya mama, kwenye viriba. Nitampelekea. Ndoto yangu haijastaafu.

Kwa hiyo nyinyi wa Embu, chimbeni mashimo kabla ya mvua, vueni kiriba hata aliyepanda awe nani, na msiwaeleze watu hewa. Toeni majina. Lakini kitalu chenu kipeni jina kabla ya mti wowote, na lisiwe la babu yenu wala langu. Ulizeni polepole, kwa adabu, mama mkwe wa injinia anaitwa nani.